Nani ameshika kadi? Kupanga sauti ya Mixxx kwenye Linux

Napiga muziki kwenye sherehe hapa Tanga: sendofu, kitchen party, harusi za Chumbageni na Raskazone, na mikesha ya Ngamiani ambako watu wanataka singeli mpaka alfajiri. Natumia ThinkPad T480 ya mtumba yenye Ubuntu 24.04, kontrola ya Pioneer DDJ-400 (kifaa cha vitufe na sahani chenye kadi ya sauti ndani yake), na Mixxx, programu ya madijei ya chanzo huria. Vijana wanaoanza huniletea malalamiko ya kila aina. Sauti inakatikakatika. Hedifoni ziko kimya. Mixxx inakataa kufungua kifaa. Mlio wa WhatsApp umetokea kwenye spika za ukumbi bibi harusi akiingia. Ukiyafuata yote hayo hadi chanzo chake, mengi yanaishia pamoja: hakuna aliyeamua ni programu gani imeshika kadi ya sauti. Kwa hiyo sianzi na bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kupigwa) wala kerneli (kiini cha mfumo). Naanza na kadi.

Kwenye Linux, chini kabisa iko ALSA. Ni sehemu ya kerneli, iliingia rasmi na toleo la 2.6 mwaka 2003, na ndiyo inayozungumza na kadi yenyewe. Kadi nyingi za USB haziwezi kupokea programu mbili kwa wakati mmoja. Anayeifungua kwanza anakuwa nayo, anayefuata anaambiwa "Device or resource busy". Ndiyo sababu juu ya ALSA huwekwa seva ya sauti: inapokea muziki wa kivinjari, kengele za mfumo, video na kadhalika, inavichanganya, kisha inavipeleka kwenye kadi ikiwa yenyewe ndiyo mteja pekee. Kwa miaka mingi watu wa kawaida walitumia PulseAudio, na watu wa studio wakatumia JACK ya Paul Davis. Siku hizi kazi zote mbili zinafanywa na PipeWire, iliyoandikwa na Wim Taymans. Fedora iliifanya seva yake ya sauti katika toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu ikafuata na 22.10, na PipeWire 1.0 ikatoka Novemba 2023. Kama mfumo wako ni wa karibuni, bila shaka unayo. Hakikisha kwa kuandika amri hii kwenye terminali:

pactl info | grep "Server Name"

Jibu likitaja "PulseAudio (on PipeWire ...)", ni PipeWire iliyovaa nguo za PulseAudio ili programu za zamani zisipate taabu.

Mixxx nayo inapitia maktaba iitwayo PortAudio, na maktaba hiyo inaweza kwenda moja kwa moja kwa ALSA au kupitia JACK. Fungua mipangilio ya Mixxx, ukurasa wa "Sound Hardware", utaona kisanduku cha "Sound API". Chaguo la pale ndilo linaloamua nani ameshika kadi. Usiliguse bado. Kwanza ijue kadi yako.

Chomeka kontrola, kisha andika:

cat /proc/asound/cards

Utaona orodha yenye namba. Kwangu kadi ya ndani ya laptopu ni 0 na kontrola ni 1. Sasa iulize kontrola inaweza nini:

cat /proc/asound/card1/stream0

Tafuta sehemu ya "Playback". Mistari miwili ndiyo yenye maana kwetu: "Channels" na "Rates". Yangu inaonyesha chaneli 4 na kasi ya 44100, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44100 kwa sekunde. Chaneli 4 maana yake kadi ina jozi mbili za kutolea sauti: 1 na 2 zinaenda kwenye spika, 3 na 4 zinaenda kwenye hedifoni. Ukiona 2 tu, kontrola hiyo peke yake haitakupa usikilizaji wa faragha, yaani kusikia wimbo unaofuata hedifonini kabla ukumbi haujausikia, na hakuna mpangilio wa programu utakaoubadilisha ukweli huo. Kuna njia ya kadi mbili, nitaifikia. Andika kasi uliyoiona kwenye karatasi. Tutaihitaji.

Kama unatumia Mixxx ya Flatpak (paketi inayoendeshwa ndani ya kisanduku chake) na kontrola za aina ya HID (zinazojitambulisha kama kibodi au kipanya) hazionekani, fahamu kwamba Flatpak haiwezi kukuwekea kanuni ya udev inayoruhusu mtumiaji wa kawaida kugusa kifaa. Itabidi uweke faili hiyo mwenyewe kwenye /etc/udev/rules.d. Mimi hutumia paketi za hazina ya Mixxx yenyewe ya Ubuntu, ppa:mixxx/mixxx, zinazokuja na kanuni hiyo tayari.

Sasa uamuzi. Ziko njia mbili zinazofaa, na ya tatu ambayo wengi huiangukia bila kujua.

Ya tatu naitaja kwanza ili tuachane nayo. Ukichagua ALSA halafu kwenye orodha ya vifaa ukachagua "default" au "pulse", sauti ya Mixxx inapita kwenye seva kwa mlango wa nyuma, na kwa kawaida unapewa chaneli mbili tu. Spika zinalia, ukumbi unacheza, lakini hedifoni hazina kitu. Kijana akinipigia na kusema, "Kaka, spika ziko safi ila hedifoni zimekufa," swali langu la kwanza huwa: umechagua jina gani kwenye orodha?

Njia ya kwanza ni Mixxx kuishika kadi peke yake. Chagua ALSA, na kwenye "Main" chagua kifaa chenye jina la kontrola na alama ya hw, mfano (hw:1,0), chaneli 1-2. Matoleo ya zamani huandika "Master" badala ya "Main". Kwenye "Headphones" chagua kifaa hichohicho, chaneli 3-4. Kasi weka ile uliyoandika kwenye karatasi. Kabla ya kubonyeza "Apply", iambie PipeWire iachie kadi hiyo. PipeWire huachia kadi isiyotumika baada ya sekunde chache, lakini kivinjari kikianza kutoa sauti huirukia tena, na bahati si mpangilio. Fungua pavucontrol (dirisha la kupangia sauti), nenda kwenye "Configuration", tafuta kontrola yako, uweke profaili ya "Off". Kwa terminali ni hivi:

pactl list cards short
pactl set-card-profile JINA_LA_KADI off

Jina la kadi ni lile refu linaloanza na alsa_card.usb. Baada ya hapo, kwa PipeWire kontrola hiyo haipo. Kengele, kivinjari, WhatsApp, vyote vinabaki kwenye spika ndogo za laptopu. Hii ndiyo njia ninayoitumia kwenye harusi ya kawaida ambako laptopu haina kazi nyingine zaidi ya muziki. Vitu vya kuharibika ni vichache, na sauti haina pa kupotelea kati ya Mixxx na waya.

Njia ya pili ni kuiachia PipeWire kadi, na Mixxx iingie kama mteja wa JACK. Hii inafaa usiku ambao laptopu ina kazi zaidi ya moja. Mara kwa mara familia za hapa zina ndugu Muscat au Dubai, na wanataka harusi irushwe moja kwa moja ili shangazi aone. Hapo OBS, programu ya kurushia video, inahitaji muziki wa Mixxx, safi, sio ule unaookotwa na maikrofoni ya kamera katikati ya vigelegele. Weka paketi inayohitajika:

sudo apt install pipewire-jack qpwgraph

Kisha ipe kontrola profaili ya "Pro Audio", kwenye ukurasa uleule wa "Configuration" au kwa amri:

pactl set-card-profile JINA_LA_KADI pro-audio

Hatua hii wengi huiruka, na bila yake utasumbuka. Profaili za kawaida huichukulia kontrola ya chaneli 4 kama spika za sinema, mbili za mbele na mbili za nyuma. Kwa hiyo jozi ya hedifoni inahesabiwa kuwa spika za nyuma, na PipeWire inaweza kuzijaza kwa nakala ya sauti ya stereo kutoka programu nyingine. "Pro Audio" inaondoa dhana hiyo. Chaneli zinakuwa AUX0 hadi AUX3, tupu, zinasubiri unachozipelekea wewe tu.

Sasa iwashe Mixxx hivi:

pw-jack mixxx

Kwenye Fedora neno la mwanzo halihitajiki, kwa sababu maktaba ya JACK pale ni ya PipeWire moja kwa moja. Kwenye Debian na Ubuntu linahitajika, na ukilisahau Mixxx itaitafuta seva ya JACK ambayo haipo. Ili usiandike kila mara, nakili faili ya org.mixxx.Mixxx.desktop kutoka /usr/share/applications kwenda ~/.local/share/applications, kisha badilisha mstari wa Exec uanze na pw-jack. Ndani ya Mixxx chagua JACK, chagua kontrola, chaneli 1-2 kwa "Main" na 3-4 kwa "Headphones". Bafa na kasi sasa vinatoka kwa seva, kwa hiyo vinapangwa PipeWire, si kwenye ukurasa wa Mixxx.

Unda faili ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d/10-dj.conf, uandike:

context.properties = {
    default.clock.rate = 44100
    default.clock.allowed-rates = [ 44100 48000 ]
    default.clock.quantum = 512
    default.clock.min-quantum = 256
    default.clock.max-quantum = 1024
}

Halafu:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Bila faili hiyo PipeWire huenda kwa 48000 na bafa ya 1024. Kontrola yako ikiwa inajua 44100 tu, na nyimbo zako nyingi ni 44100, maana yake kila sampuli inageuzwa kwenda 48000 halafu inarudishwa tena 44100, kazi ya bure kwa prosesa. Weka kasi ya karatasini mwako.

Kwa OBS, iwashe kwa pw-jack obs, ongeza chanzo cha "JACK Input Client", kisha fungua qpwgraph, programu inayochora njia za sauti. Utaona visanduku vya Mixxx, OBS na kontrola, na nyaya kati yao. Vuta nyaya mbili mpya kutoka kwenye milango ya Mixxx inayoenda AUX0 na AUX1 hadi kwenye milango ya OBS. Muziki uleule unakwenda spika na Muscat kwa pamoja, na unachokisikiliza hedifonini hakirushwi. Kwa kurekodi tu huhitaji haya yote: Mixxx ina kinasa chake, chagua FLAC au WAV.

Ukitumia njia ya pili, chunga jambo moja. Kontrola ikichomekwa inaweza kufanywa mlango mkuu wa sauti wa mfumo mzima, na hapo ndipo mlio wa WhatsApp unapopata spika za ukumbi. Andika wpctl status, tafuta namba ya spika za ndani ya laptopu chini ya "Sinks", kisha:

wpctl set-default NAMBA

Chaguo hilo hukumbukwa. Lijaribu nyumbani: piga video kwenye kivinjari huku Mixxx ikiwa wazi. Itoke kwenye laptopu, si kwenye spika kubwa.

Sasa bafa, jambo ambalo watu hulipenda kuliko yote. Hesabu yake ni rahisi: idadi ya sampuli gawanya kwa kasi. Bafa ya 512 kwa 44100 ni milisekunde 11.6. Ya 1024 ni 23.2, ya 2048 ni 46.4, na ya 256 ni 5.8. Unahitaji ngapi? Kama kazi yako ni kuoanisha nyimbo na kuzipitisha moja kwenda nyingine, kuchelewa kwa kiasi kisichobadilika hakukusumbui, maana deki zote mbili zinachelewa sawa. Kidole ndicho kinachojua. Ukibonyeza alama ya kuanzia wimbo au ukisugua sahani, unasikia pengo. Singeli ndiyo inayofichua zaidi: kwa midundo 200 kwa dakika, mdundo hadi mdundo ni milisekunde 300, kwa hiyo bafa ya 2048 inakula karibu moja ya sita ya mdundo. Kwa bongofleva ya midundo 100 kosa hilohilo linajificha. Mimi hukaa 512. Chini ya hapo sijaona faida ukumbini, na hatari ya kukatika inapanda. (Kwa kuwa tumeitaja singeli: Mixxx ikikuandikia 104 kwa wimbo ambao sikio linakuambia ni 208, fungua sifa za wimbo na ubonyeze kitufe cha kuzidisha mara mbili. Fanya hivyo kabla ya siku, na changanua maktaba yako yote nyumbani, kwa sababu uchanganuzi unakula prosesa.)

Kukatika kwa sauti hupimwa, hakukisiwi. Kwenye ukurasa wa "Sound Hardware" iko "Buffer Underflow Count". Namba hiyo ikipanda wakati muziki unapigwa, prosesa imechelewa kujaza bafa. Kwa njia ya pili angalia pia pw-top kwenye terminali: safu ya QUANT inakuonyesha bafa halisi, RATE kasi halisi, na ERR idadi ya makosa kwa kila programu. Namba za QUANT na RATE zisipolingana na ulizoandika kwenye faili, kuna programu nyingine imezibadilisha, na pw-top itakuonyesha ni ipi. Washa deki zote mbili, funga tuni ya wimbo (isipande wala kushuka) huku ukibadilisha kasi, fungua na kufunga madirisha, ziache zipige muda mrefu kama sherehe yenyewe. Hesabu ikibaki pale pale, uko tayari.

Ikipanda, usikimbilie kuongeza bafa. Anza na umeme wa prosesa, kwa sababu laptopu nyingi zinalala nusu ili kuokoa betri:

powerprofilesctl set performance

Kisha ruhusa ya wakati halisi. Uzi wa sauti wa Mixxx unaomba kupewa kipaumbele juu ya programu nyingine, na kwa njia ya ALSA mfumo hukataa mpaka uruhusu. Andika kwenye /etc/security/limits.d/95-audio.conf:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Jiunge na kundi hilo kwa sudo usermod -aG audio $USER, toka kwenye mfumo, ingia tena. Amri ya ulimit -r ikijibu 95, imekubali. Kwa njia ya pili PipeWire hujiombea kipaumbele yenyewe.

Halafu USB. Amri ya lsusb -t inaonyesha mti wa vifaa. Kontrola ikae kwenye tundu la laptopu lenyewe, si kwenye kigawanyio kimoja na diski ya nje yenye nyimbo. Zima Wi-Fi kama hurushi matangazo. Kwenye laptopu nyonge, injini ya kufunga tuni iwe Soundtouch badala ya Rubberband. Ya pili ina sauti nzuri zaidi lakini inadai prosesa. Kuhusu kerneli ya wakati halisi: kazi ya PREEMPT_RT ilimalizia kuingia kwenye kerneli kuu na toleo la 6.12 mwaka 2024, na ni mafanikio makubwa, ila kwa DJ anayekaa milisekunde 11.6 huhitaji kuisaka. Ubuntu 24.04 ina linux-lowlatency ukitaka, na mimi naridhika na kerneli ya kawaida.

Asiye na kontrola ya chaneli 4 anaweza kutumia kadi mbili: kadi ndogo ya USB kwa spika, tundu la laptopu kwa hedifoni. Mixxx inaruhusu uchague kifaa tofauti kwa kila mlango. Tatizo ni saa. Kila kadi ina fuwele yake ya kuhesabu muda, na mbili zinazojiita 44100 hazilingani sawasawa. Moja inatangulia kidogo kidogo, na baada ya muda moja inakosa sauti au inafurika. Mixxx ina mpangilio wa "Multi-Soundcard Synchronization" kwa ajili hiyo. Acha kwenye chaguo lake la kawaida, lenye kuchelewa zaidi. PipeWire nayo hufanya marekebisho hayo yenyewe. Yote mawili yanafanya kazi, lakini ukipata fedha, nunua kadi moja ya chaneli 4 kabla ya kununua chochote kingine. Spika za Bluetooth ziache kabisa kwa kazi hii. Kuchelewa kwake kwa kawaida kunazidi milisekunde 100, na hakuna faili ya mipangilio itakayokuponya.

Maikrofoni ya MC pia usiipitishe kwenye laptopu. Ichomeke kwenye mikseri ya ukumbi, ili sauti yake isisubiri bafa kwenda na kurudi. Mtu akijisikia amechelewa huanza kukokota maneno. Ukilazimika kuirekodi, ilete Mixxx na uchague "Direct monitor", hali ambayo inaingia kwenye rekodi na matangazo tu, bila kutoka tena kwenye spika.

Mwisho ni mngurumo. Ukisikia "mmmm" ya chini isiyokoma, chomoa chaja ya laptopu. Ikitoweka, Linux haihusiki: ni mzunguko wa ethi kati ya chaja, kontrola na mikseri, na kwenye jenereta huwa mbaya zaidi. Weka DI boksi yenye transfoma (kisanduku kinachopitisha sauti bila kuunganisha ethi) kati ya kontrola na mikseri, au chomeka laptopu na mikseri kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, hata fundi wa ukumbi akikuambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Pini hiyo ndiyo inayomlinda aliyeshika maikrofoni.